Chanzo Namba Moja

6 Januari

Muhula umeanza. Mvua ilinyesha mara moja Desemba, ikatuachia vumbi lile lile. Nimepewa tena somo la kuandika ripoti ya utafiti kwa wanafunzi wa stashahada ya kilimo. Nilikuwa mwandishi wa habari miaka mingi na sijui kilimo. Mkuu wa idara, Dkt. Wilbert, anasema hilo si tatizo: yeye anajua kilimo na hajui kuandika.

Kanuni mpya ya mwaka huu ni yangu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinunua ripoti nzima steshenari, akaja kuitetea mbele ya jopo bila kutoa jasho. Tulimgundua kwenye ukurasa wa shukrani, alipomshukuru mke wake kwa uvumilivu. Hajaoa. Nikapendekeza kwamba siku ya utetezi kila mwanafunzi aifunge ripoti yake, asimame, ataje kwa mdomo wake vyanzo vyake vikuu: nani, wapi, lini. Asiyeweza kumtaja mtu hajakutana naye. Wilbert aliipenda kanuni hii akaibandika mlangoni mwa maktaba. Atakayeshindwa anarudia mwaka.

14 Januari

Mvua ya kwanza ya maana. Nimefundisha rejea. Masudi ameuliza, "Madam, kama nimesoma kwenye simu, naandika namba ya simu?"

15 Januari

Nimefundisha rejea.

21 Januari

Nimepokea orodha za awali za vyanzo. Rose, anayetafiti magonjwa ya kuku, ana chanzo kimoja: kundi la WhatsApp la wafugaji. Kwenye nafasi ya mwandishi ameandika "Admin". Masudi ameandika "Google (2025)".

Gerson, anayetafiti zabibu, ameleta orodha ndefu, safi, kila nukta mahali pake. Wilbert aliiona mezani kwangu akaomba nakala aibandike chini ya kanuni, wengine waige.

Penina ana chanzo kimoja kikuu cha mahojiano. Ameandika: "Babake Joshua (2024). Mkonze."

Penina ni mama wa mtoto mmoja, mtaratibu, ndiye pekee darasani anayekuja na matope ya kweli kwenye viatu. Anatafiti uhifadhi wa mtama katika kilindo, lile pipa la gome la mti ambalo wazee wa huku walihifadhia nafaka kabla ya magunia. Amejaza vilindo viwili na gunia moja, anahesabu punje zinazoliwa na dumuzi, mdudu wa ghalani. Kazi nzuri. Nilimwita.

"Babake Joshua ni nani?"

"Ni mzee mmoja, Madam. Anatengeneza vilindo. Yeye ndiye alinieleza habari ya majivu, yale yanayozuia wadudu."

"Ana jina?"

"Analo."

"Basi liandike."

"Sawa, Madam."

28 Januari

Penina amerudisha orodha. Amefuta "Babake Joshua". Sasa ni "Mzee Mmoja (2024). Mkonze."

30 Januari

Mvua. Umeme umekatika. Nimesahihisha dirishani.

4 Februari

Gerson ameingia kwangu leo akicheka, akatoka hacheki. Nilikuwa nikipitia orodha yake ya mfano, ile ya mlangoni mwa maktaba, nikakuta kitabu cha mwaka 2011 juu ya zabibu za nyanda za kati, kimeandikwa na Anastazia Komba. Nilimwita.

"Kitabu hiki umekisoma?"

"Nimekipitia, Madam."

"Ukurasa huu uliounukuu, wa 214, unasema nini?"

"Unasisitiza umuhimu wa zabibu."

"Huyu mwandishi unamjua?"

"Kwa kumsikia tu, Madam. Ni marehemu."

Nilimwonyesha kitambulisho changu. Alikisoma, akanitazama, akakisoma tena, kisha akasema, "Pole, Madam."

Orodha ilitungwa na akili mnemba. Aliiomba vyanzo juu ya zabibu, nayo ikampa vyanzo, havikuwepo tu. Nimekagua vyote. Kimojawapo ni jarida la chuo ambacho hakijajengwa. Nimebandua nakala mlangoni. Wilbert amesikitika. "Lakini nukta zake, Madam," alisema. "Nukta zake zilikuwa sawa kabisa."

5 Februari

Nilimbana Penina. Nilikuwa na hasira ya jana, nikamwambia kwamba chanzo kisicho na jina ni uvumi, na kwamba kama mzee huyu hayupo aseme mapema.

Alitazama mlango, kisha akasema polepole, "Madam, yupo. Nimempikia ugali asubuhi."

Ndipo nikaelewa, na nilipaswa kuelewa mapema, kwa maana nimeishi Dodoma muda wa kutosha. Joshua ni mume wake. Babake Joshua ni baba mkwe wake. Ukoo wao unashika mila: mke wa mwana hamtaji mkwe wake kwa jina. Halitamki, haliandiki.

"Hata kwenye karatasi ya chuo?"

"Karatasi si inasomwa, Madam?"

"Na akiwa hayupo?"

"Akiwa hayupo ndipo anaheshimiwa hasa."

Nilimuuliza kwa nini basi alimchagua mkwe wake, vilindo vinatengenezwa na wengine. Akasema wengine wamekwisha kufa au wanauza matikiti. Nilimuuliza itakuwaje siku ya utetezi, kanuni ikitaka jina litoke mdomoni mwake. Alisema Joshua amekubali kulipa ada ya mwaka huu tu. Ukija mwaka wa kurudia, atarudi shambani moja kwa moja, na nafasi ya afisa ugani aliyoahidiwa katani atapewa mtu mwingine. Alisema haya bila machozi, kama anavyotaja idadi ya punje.

Orodha ya Gerson ina majina yasiyo na watu. Ya Penina ina mtu asiye na jina. Kanuni yangu inamwangusha Penina, na orodha ya Gerson, akiikariri vizuri, ingeweza kupita. Hili sikulipenda.

6 Februari

Nilimweleza Wilbert. "Mila ni mila," alisema, "na mwongozo ni mwongozo. Tukimruhusu huyu, kesho Masudi atasema Google ni mkwe wake."



11 Februari

Mvua imekatika. Jua kali. Penina amepiga simu asubuhi: "Madam, nitachelewa, Babu amekojoa kitandani."

Nilimpa pole. Nilitumia siku nzima nikifikiri kama chanzo cha umri huo kinaweza kutegemewa.

12 Februari

Babu ni mwanawe wa miaka minne. Amepewa jina la babu yake, kwa hiyo mama yake hawezi kumwita jina lake mwenyewe. Anamwita Babu. Nimefuta nilichokuwa nimeandika kwenye faili lake kuhusu afya ya chanzo.

19 Februari

Nimekwenda Mkonze kumwona mzee. Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote. Sioni kwa nini nibadilike kwa sababu nalipwa kidogo zaidi.

Penina alinifikisha uani, akapiga goti mbali kidogo, akageukia pembeni, akasema mgeni amefika, akaondoka. Nilimwamkia mzee shikamoo, nikaongeza "mbukwa" ya Kigogo ili ajue nimekaa huku. Aliitikia zote mbili, akanikaribisha kigoda. Ni mrefu, mkavu, amevaa koti la suti juu ya msuli. Jina lake ni Bartolomayo Ndahani. Nimeliandika mimi, mimi si mkwe wake.

"Wewe ndiye wa gazeti?" aliniuliza.

"Nilikuwa. Sasa nafundisha."

"Walikufukuza?"

"Nilistaafu."

"Aa. Ndivyo wanavyosema."

Alinionyesha kilindo, namna gome linavyoshonwa, namna mtama unavyolazwa tabaka kwa tabaka na majivu ya mti wa mkole katikati. Alitaka nimpige picha. Alipopigwa, alitaka nyingine. Aliuliza kama jina lake litatoka kwa herufi kubwa.

"Mke wa mwanao hawezi kulitaja," nilisema.

"Hawezi!" alisema kwa fahari. "Amelelewa vizuri yule."

"Asipolitaja atarudia mwaka."

Alitoa ugoro, akanusa, akapiga chafya. "Chuo chenu hakina adabu," alisema.

Kisha nikauliza swali ninalomuuliza kila mtu, kwa mazoea tu: "Na wewe, mzee, habari ya majivu ulifundishwa na nani?"

"Akili yangu."

Nilisubiri. Mtu akisema "akili yangu" kwa haraka hivyo, husubiriwa.

"Mzee, ulianza kuyatumia lini?"

"Nilipooa."

"Kabla ya kuoa hukuyatumia?"

"Kabla ya kuoa nilikuwa mjinga kama wengine."

"Kwa hiyo ulipooa, nani alikufundisha?"

Mawingu yalikuwa yamejikusanya, na mvua ikaanguka ghafla, ile ya matone makubwa. Tukakimbilia barazani, yeye mbele yangu. Alikaa akitazama maji yanavyofanya mfereji uani. Mwisho alisema, "Aliyenizalia mke."

"Mama mkwe wako."

"Ndiye."

"Anaitwa nani?"

Akaangalia mbuzi. Akaangalia paa. "Jina lake analo mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Alikufa zamani. Alikuwa mtu mkali sana."

"Mzee, watu wote hapa Mkonze wanajua majivu ni ujuzi wako."

"Wanajua."

"Uliwaambia wewe."

"Nilipoulizwa ningesema nini? Jina lake siwezi kulitaja. Nikisema 'nimeambiwa', wanauliza na nani. Basi nikasema ni yangu. Ilikuwa ni heshima."

Nimesikia visingizio vingi vya kuiba maandishi ya mtu. Hiki ni cha kwanza nilichokiamini.

20 Februari

Nimemwambia Penina. Kwa hali yoyote ile ripoti yake sasa ina kosa: maarifa anayompa mkwe wake si ya mkwe wake. Anapaswa kuandika kwamba ni ya yule mama, kama alivyonukuliwa na mzee. Penina alisikiliza, kisha akauliza jina la yule mama.

Nikagundua kwamba sinalo. Mzee hawezi kulitaja. Marehemu mke wake alimwita "mama". Joshua anamjua kwa jina la Bibi wa Mtera. Tulianza na chanzo kimoja kisichotajika, sasa tuna viwili.

"Na wewe huyu unaweza kumtaja?" nilimuuliza.

Penina alifikiri, akihesabu undugu kwa vidole. "Huyu naweza, Madam. Kwangu ni bibi tu. Bibi anatajwa."

25 Februari

Mvua.

26 Februari

Mvua. Rose amembadilisha "Admin" kuwa "Admin wa Pili".

3 Machi

Penina amempigia simu Nathanaeli, mjomba wa mume wake, anayevua samaki Mtera. Yeye ni mtoto wa yule mama. Alimwambia, "Jina la mama yangu nilitoe kwenye simu, kama namba ya mtandao? Njoo."

8 Machi

Penina amekwenda Mtera.

10 Machi

Amerudi na jina na samaki wakavu, ambao amenipa nusu. Loisi Chibago. Nathanaeli alimkalisha, akamwambia habari za mama yake siku nzima: namna alivyomkataa Bartolomayo mwanzoni kwa sababu ghala lao lilikuwa na wadudu, namna alivyosema hatampeleka binti yake akale vumbi, akamwita kijana akamfundisha mwenyewe, akimkalisha nyuma ya ukuta wa fito ili wasitazamane. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Alimfundisha kuhifadhi mtama kwa sauti tu.

Nathanaeli ametoa sharti: mama yake awe wa kwanza kwenye orodha, mbele ya "yule mwizi".

Nilimweleza Penina kwamba haiwezekani hivyo. Hakumsikia Loisi, amemsikia mzee. Humtaji usiyemsikia kana kwamba umemsikia. Tumekubaliana kutumia rejea za namba. Namba Moja ni mzee, kwa kuwa ndiye aliyesema naye. Namba Mbili ni Loisi Chibago, kama alivyonukuliwa na Namba Moja. Jina la Namba Moja litaandikwa na Jenifa wa steshenari, ambaye hana undugu na mtu yeyote Mkonze. Penina aliitoa ripoti, akageuka, akatazama barabara mpaka Jenifa alipomaliza kuandika.

Sipendi rejea za namba. Mtu si namba. Lakini karatasi sasa iko sawa. Imebaki mdomo.

18 Machi

Matokeo ya Penina: gunia limeliwa vibaya, kilindo kisicho na majivu kimeliwa kiasi, cha majivu kimeguswa kidogo. Mzee alikuwa amedai pia kwamba kilindo kisizibwe na mtu aliyegombana siku hiyo. Penina alilijaribu hilo, aligombana na Joshua makusudi. Hakuna tofauti. Ameandika hivyo hivyo, bila kumwonea haya mtu. Nimempa alama nzuri kwa sentensi hiyo.

27 Machi

Mvua zinapungua. Nimemwomba Wilbert tena. Amekataa tena. Amenikumbusha, kwa upole, kwamba kanuni ni yangu.

2 Aprili

Gerson amekutana na wakulima wa zabibu, watu wenye miili. Ameniomba radhi kwa kuniua.

9 Aprili

Utetezi. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi mawingu yalitanda, nikadhani ni ya kutuaga. Jopo lilikuwa Wilbert, mwalimu wa udongo, na mimi. Masudi alitaja vyanzo vyake vyote kwa kelele kama anaita abiria. Rose alikuja na Admin mwenyewe kwenye spika ya simu. Anaitwa Mustapha, ni daktari wa mifugo, na ana adabu kuliko tulivyomdhania.

Penina alipoingia, Joshua aliingia nyuma yake, na nyuma ya Joshua akaingia mzee mwenyewe, koti la suti, safari hii na suruali na kofia. Joshua alidhani anasaidia. Penina alipomwona alirudi hatua, akasimama ubavu, uso ukielekea ubaoni, ili asimtazame mkwe wake. Alieleza utafiti wake wote kwa ubao. Alieleza vizuri.

Kisha Wilbert akasema, "Funga ripoti. Taja chanzo chako kikuu."

"Namba Moja," Penina aliuambia ubao.

"Namba Moja ni nani?"

Penina akaokota chaki.

"Ulizungumza naye?"

"Nilizungumza naye."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Basi anaitwa nani?"

Mvua ikaanza juu ya bati. Wilbert alilazimika kupaza sauti: "Nasema, anaitwa nani?" Penina alikuwa ameshika chaki, nikaona inavunjika. Nilitaka kusema neno, nikakumbuka kwamba ni kanuni yangu. Nikaishika kalamu.

Mzee akasimama. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo, "unamtafuta mwenye habari ya majivu?"

"Kaa, mzee, hapa anajibu mwanafunzi."

"Hata angekutajia mimi angekudanganya. Habari si yangu."

Joshua alimtazama baba yake kama aliyeambiwa nyumba si yao. Nyuma kulikuwa na majirani wawili wa Mkonze waliokuja kushuhudia, na mmoja akasema, "Ati?"

"Si yangu," mzee alirudia. "Nimesema miaka yote ni yangu. Si yangu."

"Basi ni ya nani?" aliuliza Wilbert, ambaye sasa alikuwa amesahau mwongozo na alitaka tu kujua.

Mzee alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Mtu aliyekuwa na sauti ya kuvuka korongo hakuwa na hata ya kuvuka meza. Alitazama bati. Hapakuwa na mbuzi wa kutazama.

Na Penina, bila kugeuka kutoka ubaoni, akapaza sauti juu ya mvua: "Loisi Chibago! Wa Mtera! Amekufa, lakini ni yeye!"

Mzee akashusha kofia usoni, kama inavyopasa jina hilo linapotajwa mbele yake. Kisha akazungumza kutoka ndani ya kofia, na sidhani kama aliwahi kumtendea Penina jambo kubwa zaidi.

"Na huyu mtoto," alisema, "aliambiwa hayo na Bartolomayo Ndahani. Wa Mkonze. Nyumbani, mwaka jana, wakati wa mavuno. Andika."

Wilbert aliandika. Mwalimu wa udongo naye akaandika, ingawa hakuulizwa. Kisha Wilbert akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hili linakubalika. Nilimwambia kwamba kanuni niliiweka ili nijue kama mwanafunzi amekutana na chanzo chake. Nilisema nimeona vyanzo vingi, lakini hiki ndicho cha kwanza kuja chenyewe.

Amefaulu. Ana sahihisho moja: hakuandika mwaka wa Loisi Chibago kufa. Mzee aliulizwa, akasema kutoka ndani ya kofia kwamba mwaka anaujua, lakini aulizwe Nathanaeli.

14 Aprili

Nimeiandika upya kanuni. Sasa inasema chanzo kitajwe na mwanafunzi, au na mtu anayeruhusiwa. Wilbert ameuliza nani ataamua anayeruhusiwa. Nimemwambia atazoea.

22 Aprili

Mvua zimekwisha. Nilipita Mkonze kumpelekea mzee nakala ya ripoti. Alikuwa akimwonyesha jirani kilindo. Nilimsikia akieleza habari ya majivu, kisha jirani akamuuliza amejifunza wapi.

"Kwa Namba Mbili," alisema mzee, akishika kofia kwa adabu. "Mwanamke hodari sana. Amechapishwa."

23 Aprili

Penina alikuwa aje kuchukua cheti cha muda asubuhi. Amepiga simu.

"Madam, nitachelewa. Namba Moja amekojoa kitandani."

Nilimwambia ampe mwanawe pole yangu, na nikamngoja.